Sauti ya Koko na Mbuzi wa Kashebere

Rafiki yangu, hili niliamini kuliko Amri Kumi: Mprotestanti akiimba na Wakatoliki, sauti inamtoka na kuhamia kwa mbuzi. Usicheke. Ushahidi nilikuwa nao. Mwaka ule koko, mama wa mama yangu, aliponyamaza, kijijini kwetu Kashebere, mbuzi wa jirani alilia mpaka misumari ya paa ikalegea, na alilia sauti ya pili, safi kabisa.

Mambo yalianzia kwenye kilio. Mume wa Mama jirani, Mkatoliki, alikufa. Kwetu kila korali huimba kaburini kwa zamu yake, na watu wa dini nyingine wanangoja wakitazama majani. Siku hiyo mvua ilikuwa imebeba daraja. Korali ya Wakatoliki ilifika nusu, bila sauti ya pili, wimbo ukayumba. Koko alikaza kitenge, akavuka upande wao, akaimba. Milima yote ya Masisi iliitikia. Nadhani hata kule mbali Hombo walisikia.

Jumapili, siku ya Mungu, maestro wa korali yetu ya Waprotestanti alimsimamisha koko mbele ya kanisa. "Huyu mama amechafua sauti yake," alisema, akamtenga msimu mzima. Adhabu ilipoisha, koko alirudi katika mstari wake, amevaa sare yake, kinywa kimefungwa. Hakuimba tena. Watoto tulipomuuliza maestro, yeye mwenyewe njo alituambia habari ya mbuzi.

Zamani koko alitwanga sombe, majani ya muhogo, jioni na wimbo, mchi ukipiga ngoma, maharagwe yakichemka, moshi ukitutoa machozi na sisi tukiitikia tukimenya ndizi. Baada ya hapo tulisikia mchi peke yake. Alizikwa hivyo, hajaimba. Mimi niliapa juu ya sahani ya sombe: maestro atalipa.

Leo sombe inasagwa mashineni, na kinu cha koko kimepasuka, kuku wanatagia ndani. Lakini kiapo hakikuoza. Nilikwenda nacho Goma, nikakaa nacho darasani shule ya jioni mpaka nikapata diploma, kikazidi kunenepa. Mwaka huu maestro, sasa mzee, ametunga wimbo mkubwa wa umoja: Wakatoliki, Waprotestanti, Waadventisti, watu wa uamsho, wote korali moja. Akaniomba mimi niimbe peke yangu mstari mmoja wa sauti ya tatu, pale ngoma zinaponyamaza na wote wanangoja: "Sisi ni mwili mmoja." Nilikubali haraka kama mbwa aliyeona mfupa. Kwenye mazoezi niliimba vizuri mpaka akina mama wakafuta machozi. Niliwanenepesha kwa siku ya kuchinja.

Siku ikafika. Mapadri na wachungaji walibanana kwenye benchi moja, chini ya mwavuli mmoja. Ngoma zikanyamaza. Maestro akainua mikono, akanitazama.

Nikafunga kinywa.

Rafiki, kimya kile kilikuwa kitamu kuliko asali ya porini. Kilifika Buleusa na kurudi. Nilingoja atetemeke, akasirike, aaibike mbele ya dini zote. Hakukasirika. Alibaki na mikono juu, akinitazama kama mtu anayebisha mlango anaoujua. Kisha akainamisha kichwa, akawapa wengine ishara waendelee.

Tulipokaa kula, Mama jirani, aliyekuwa ameimba nyuma yangu, alinivuta shati.

"Weye, ile njo nini umefanya?"

"Nimelipiza ya koko, Mama. Ule mzee alimuharibia sauti mpaka ikapotea."

Akaweka sahani chini.

"Nani alikuambia ilipotea? Koko wako alikuwa anaimba kwangu kila asubuhi, mulango umefungwa, nyinyi muko kwenye masomo. Maestro alikuja kumuomba musamaha mpaka viatu vyake vikaisha. Akamuomba aimbe hata mara moja. Koko hakupoteza kitu, mutoto yangu. Alimunyima."