Sifuri za Mgonjwa wa Ishirini na Saba

Wapo watu wenye adabu mpaka adabu yenyewe inataka kuwaua. Papa Donat, mkulima wa Uvira aliyeletwa Brussels na wanawe akiwa na miaka sabini, ni mmoja wao. Kila mara daktari wa moyo alipomuuliza hali, alijibu, "Dawa iko muzuri." Binti yake Antoinette, ambaye ndiye mkalimani wake, alitafsiri vivyo hivyo huku wasiwasi ukimtafuna. Nani amkatize baba yake mbele ya watu?

Kazi ya Antoinette ilikuwa kupiga picha makaratasi ya zamani katika ghala la hospitali moja. Mwezi huo alipewa masanduku ya miaka ya sitini, madaktari walipokuwa wakijaribu dawa mpya za kupanua mishipa ya moyo. Wagonjwa wengine walipewa dawa, wengine vidonge vya wanga mtupu, na hakuna aliyejua nani anameza nini, hata daktari. Kila mgonjwa aliandika kwenye daftari kifua kimembana mara ngapi kwa siku.

Mgonjwa wa ishirini na saba alianza na nne, tano. Wiki ya tatu akaandika sifuri, na sifuri, na sifuri mpaka mwisho. Antoinette alimfurahia kama jirani aliyepona. Kisha akaangalia orodha ya nani alipewa nini, iliyokuwa ya siri wakati ule: wanga. Alirudi kwenye daftari, na pembeni akaona maneno ya penseli, hati ya mke wa mgonjwa: "Anadanganya. Leo ameketi kwenye ngazi mara tatu. Anasema daktari ni mtu mwema, hataki kumvunja moyo."

Antoinette akaliweka daftari chini. Siku ile ile asubuhi alikuwa amemwona baba yake kwenye ngazi za metro, kituo cha Porte de Namur, ameinama akifunga kamba za viatu. Viatu vyake havina kamba. Mficha maradhi kifo humuumbua, na Antoinette aliogopa kwelikweli. Tangu hapo akawa anamchunguza, na kabla ya wiki kwisha alimwona ameinama hivyo mara mbili tena.

Ijumaa daktari akauliza tena. Papa Donat akakunjua uso.

"Bon, ambia docteur dawa yake iko muzuri. Roho iko sawa."

Antoinette akavuta pumzi, akasema kwa Kifaransa, "Anasema dawa ni nzuri. Mimi nilimwona kwenye ngazi amekosa pumzi. Wiki hii ni trois fois."

Mzee hakujua Kifaransa zaidi ya salamu na hesabu. Lakini hesabu aliisikia.

"Antoinette, umesema trois?"

"Ndiyo, papa, mara tatu. Unisamehe. Nilikuona."

Alitazama sakafu kwa aibu. Baba yake akaweka viganja juu ya magoti. Kisha akamgeukia daktari mwenyewe, akainua vidole vya mkono mzima.

"Non, docteur," akasema. "Cinq."