Mazishi ya Maksai Wangu

Aibu hii nitaisimulia mwenyewe, maana kijiji chetu kizima cha Zagayu kinanicheka kwa kosa ambalo silo.

Nilikuwa na maksai wawili wa plau, na mmoja, Mapembe, nilimkatia bima (wa pili sikumkatia, ubahili wangu huo). Mvua za kwanza akateleza korongoni akavunjika nyonga, akawa wa kuchinjwa tu. Mkataba ulisema asiguswe mpaka bwana mifugo aje na wakala wa bima, nami nikampigia wakala toka asubuhi, simu inaita tu haipokelewi, ng'ombe anakoroma, jua linapanda, majirani wameshafika na visu na sufuria, na huku kwetu mtu hapatwi na msiba wa ng'ombe akaachwa peke yake na nyama. Basi nikasema mchinjeni, tukagawana.

Hapo sikukosea. Nilikosea kwenye fomu ya madai ya bima. Waliuliza, "Mzoga uko wapi?" Nikaona aibu kudai nilichokwisha kula, nikaandika: umezikwa. (Na kidato cha nne nimemaliza!)

Wakakataa madai, ati ng'ombe hakukaguliwa na mtu wao. Nami nikakataa kukataliwa, nikalalamika, tukaitwa Bariadi kusuluhishwa, kila mtu na shahidi wake. Nikamchukua shemeji Masunga, kaka wa mke wangu, nikavaa koti la kanisani, nikahutubia kwamba maksai mmoja hakokoti plau na pamba haimngoji mtu, mpaka waliokuwa kwenye mabenchi wakisubiri zamu zao wakanipigia makofi.

Msuluhishi, mama mmoja mpole, akamgeukia Masunga.

"Mzee, huyo maksai ulimwona baada ya kufa?"

"Nilimwona mpaka kwenye sufuria, mama."

"Si alizikwa?"

"Azikwe na nani? Mimi shemeji alinipa ulimi!" Akanigeukia kwa heshima zote. "Na hata asante sikukupa, shemeji."

Mabenchi yaliangua kicheko, walewale wa makofi. Yule mama akaomba simu yangu, akahesabu mara nilizompigia wakala siku ile: kumi na moja. Akatikisa kichwa.

"Ungeandika vile ilivyokuwa, mzee, wakala ndiye angekuwa na la kujibu, na wewe ungelipwa. Sasa fomu ya uongo nitaiteteaje?"

Msimu ule nililima kwa kuazima maksai wa Masunga, na kila alfajiri alinisalimia, "Mwangaluka, shemeji! Leo tunazika wapi?"

Wacha wacheke. Nimepata maksai mwingine, bima nimekata ya wote wawili, na wakala nimemwambia machoni: usipopokea simu nitachinja tena, nitagawa tena, na kwenye fomu nitaandika hata aliyekula ulimi. Kugawa nyama sikujutia na sitajutia. Ninachojutia ni kumzika kwa kalamu ng'ombe niliyemla kwa ugali.