Mafunjo Yaliyonyamaziwa

Ramani ililetwa begani, imeviringishwa kama mkeka unaopelekwa sokoni Kosele, na Bochaberi alipoiona ikishushwa mlangoni alidhani ni mkeka kweli. Akajiuliza ni nani sasa ameanza kusuka mirefu namna ile. Kumbe ni turubai, lile la plastiki wanalochapia nyuso za wagombea wakati wa kampeni. Ilikuwa Jumapili, na kanisa ni la Wasabato, kwa hiyo lilikuwa tupu. Mabenchi yakasukumwa ukutani, na afisa wa mazingira wa kaunti, dada kijana aitwaye Emmaculate, akalikunjua turubai likafunika sakafu karibu yote.

Hakuna aliyeambiwa avue viatu. Lakini wanawake wanaosuka mafunjo huku upande wa Kendu Bay hawakanyagi na viatu kitu kilichotandikwa. Wakaviacha mlangoni, lundo la malapa na raba zenye matope makavu. Emmaculate aliwatazama kidogo, kisha akainama akafungua kamba za viatu vyake.

Bochaberi alikaa pembeni, mtoto wake Sheila mapajani. Alikuwa amekuja kwa jambo moja tu: kujua kama bado ana mahali pa kukata mafunjo.

Yeye hakuzaliwa ziwani. Kwao ni milimani, Kisii, kwenye migomba na majani chai, mahali ambapo maji hupita mbio yakienda zake na hakuna anayeuliza yanakwenda wapi. Alikuja huku kwa ndoa, kwa Omondi, fundi wa mbao, na mwanzoni kinamasi kilimtisha. Mafunjo yalimpita urefu, yamesongamana, yananong'ona hata pasipo upepo. Aliyemshika mkono akamwingiza ni Mama Priscilla, kiongozi wa wasukaji, mama mwenye sauti ya chini isiyopingwa. "Kata juu ya maji, Nyar Kisii," alimwambia, akimwita binti wa Kisii kama wanavyomwita wote hadi leo. "Mzizi uache ulale." Akampa kipande chake. Huko ndani kila mwanamke ana kipande, kama mstari mwembamba unaoshuka mpaka ziwani, na hakuna kigingi wala uzio. Watu wanajua tu. Cha Bochaberi kilikuwa cha pili kutoka kwenye pampu ya zamani ya maji, ile iliyooza kutu.

Kisha akamzaa Sheila. Na desturi ya wasukaji ni kwamba mwenye mtoto haingii majini mpaka mtoto atembee. Hilo alilikubali. Lililomla moyo ni ukimya. Wenzake walikuwa wakipita mbele ya nyumba na mizigo yao kichwani, wanasimama, wanamshika mtoto, wanacheka naye. Akiwauliza, "Na kule kwangu, kukoje?" wanageuka ghafla. Huyu anaona mawingu. Yule anakumbuka omena, dagaa zake alizoanika juani. Akumu, jirani yake wa kipande, mwanamke ambaye ulimi wake haujawahi kukosa kazi, hata yeye alikuwa anameza mate na kuuliza habari za meno ya mtoto.

Kwao milimani, watu wakinyamaza kuhusu shamba lako, ujue wameshalilima. Bochaberi akajua. Hakumwambia hata Omondi. Alikuwa akisuka kwa mafunjo ya kuomba omba, mabua mafupi waliyoyaacha wengine, na mikeka yake ikatoka midogo, ya kulaza watoto. Halafu chifu akatangaza kwamba kaunti inapanga kinamasi: wapi pakatwe, wapi pafungwe. Akawaza, ambaye hana kipande siku hiyo, basi tena.

"Karibuni mkanyage," Emmaculate alisema. "Hii ni hapa kwenu. Imepigwa na setilaiti kutoka juu sana, na kando ya ziwa tukapitisha droni. Tumeweka picha za misimu mingi pamoja. Kijani nyeusi ni mafunjo imejaa. Kijani hafifu ni penye hukatwa. Manjano ni penye pamekauka, watu wamepanda mboga."

Kwanza hakuna aliyesogea. Kisha mmoja akapiga kelele kwamba ameona paa la nyumba yake, lile bati jekundu, na hapo wakamwagika wote juu ya turubai kama kuku kwenye mtama.

"Hii si barabara ya shule?"

"Wewe, usikanyage zizi langu, ng'ombe wako ndani!"

"Mzee Jeremiah!" Akumu aliita, ameinama mpaka pua inakaribia plastiki. "Choo yako haina paa, na sasa kaunti imejua."

Mzee Jeremiah, mwenye bustani ya mboga kando ya kinamasi, alijibu bila kucheka, "Mungu alikuwa anajua tangu zamani, na hakusema."

Bochaberi alimwacha Sheila ameketi ukingoni na akaingia polepole. Plastiki ilikuwa baridi chini ya nyayo. Alitafuta mto, akaupata, uzi wa buluu, akaufuata kwa mguu kuelekea juu, nyumba kwa nyumba, mpaka kwenye kona ya turubai palipokuwa na mikunjo ya kijani kibichi. Milima. Akasimama. Ni yale maji yaliyokuwa yanapita mbio chini ya migomba ya mama yake. Hapa ndipo yalipokuwa yanakuja miaka yote. Yalikuwa yameolewa huku kabla yake.

"Sasa angalieni hapa," Emmaculate alisema kutoka upande wa ziwa.

Walikusanyika. Kando ya maji, vipande vya wasukaji vilionekana kimoja kimoja, vya kijani hafifu, kama mbavu. Na katikati ya mbavu zile kulikuwa na kimoja cheusi kwa wingi wa kijani, kimenyooka, kimetoka mpaka kikaingia ndani ya ziwa kama kidole. Upande mmoja wake maji yalikuwa na rangi ya chai ya maziwa. Upande wa pili yalikuwa meusi, safi.

"Hapa hapajakatwa muda mrefu," Emmaculate alisema. "Sijui kwa nini. Lakini ona vile imeshika matope ya mto. Huku nyuma yake ndiko samaki wadogo, hawa ngege, wanajificha wakikua. Katika ramani yote ya hapa, hapa ndipo ningeomba pafungwe kabisa."

Wanawake wakatazama vidole vyao vya miguu. Kimya kilichoingia Bochaberi alikijua; ndicho kile kile cha mbele ya nyumba yake. Akatafuta pampu. Alama ndogo ya mraba, kivuli chake kimelala. Kipande cha kwanza, cha Akumu. Cha pili.

Ndicho kile cheusi. Hawakukata. Hakuna aliyegusa hata bua moja. Mwaka mzima na zaidi alipokuwa akiwawazia mabaya usiku na mchana, kipande chake kilikuwa kinapanda juu, bua juu ya bua, mpaka kimeonekana kutoka huko juu kusikofika ndege.

"Ha! Tazameni!"

Sheila, ambaye nyumbani alikuwa bado anashika ukuta, alikuwa amesimama peke yake ukingoni mwa turubai. Akayumba. Akanyoosha mikono. Kisha akaja, tumbo mbele, anatembea juu ya ziwa, anavuka maji ya buluu kana kwamba hakuna jambo, mpaka akaanguka kwenye sketi ya Mama Priscilla.

Vigelegele vilipasua kanisa. Mama Priscilla akamwinua mtoto, akafuta mdomo wake kwa kiganja, akasema, "Basi. Sasa mdomo umefunguliwa. Nyar Kisii, hiyo nyeusi ni yako."

"Mbona hamkuniambia?"

"Mafunjo ya mwenye mtoto mchanga hayatajwi. Ukitaja, umeuita moyo wake. Mwili utakaa nyumbani, moyo utaingia majini, na maziwa ya mtoto yataufuata."

"Mimi nilidhani…" Bochaberi alianza.

"Ulidhani tumekata!" Akumu alipiga makofi. "Ati sisi wezi! Nyinyi watu wa milima, mtu akinyamaza kidogo tu mnatafuta wakili. Unajua nimekula uchungu kiasi gani kunyamaza? Mimi? Mwaka mzima?"

Wakacheka mpaka wengine wakakaa chini, na Bochaberi akacheka akilia. Emmaculate peke yake hakucheka. Alisubiri, kisha akaja akachuchumaa mbele yake.

"Dada, sitakudanganya. Ndio hicho nimeomba kifungwe. Ukianza kukata, kabla ya mvua ingine kitakuwa kama hizi zingine, na maji chafu itapita. Lakini leo ni maoni. Ukisema hapana, nitaandika hapana."

Bochaberi akapiga magoti. Aliweka kiganja juu ya kile kidole cha kijani, kikafunikwa chote. Kitu alichokililia kwa siri kilikuwa kimelala chini ya mkono wake, kizuri kuliko alivyokiacha, na ndiyo kwanza ameambiwa ni chake. Akatazama yale maji safi ng'ambo ya pili. Akafikiria yale mengine, ya mama yake, yanashuka na udongo wa mashamba ya kwao, yanafika hapa yamechoka, na mahali pa kuyaosha ni hapa tu, penye upana wa mkono wake.

"Kifunge," alisema. "Lakini mimi nitakata wapi?"

Kila mtu alikuwa na kipande chake, na kila kipande kilikuwa na watoto wa kulishwa. Akumu alikitazama chake. Akakuna shingo. "Mimi kuhama siwezi," alisema hatimaye. "Siwezi. Lakini mgeni akifika na mkeka ni mmoja, watu wanafanya nini?"

"Wanasogea," mtu akasema.

"Basi kila mtu asimame kwake," Mama Priscilla akaamuru.

Wakasimama kwenye ramani, pekupeku, kila mmoja na ubavu wake, wamejipanga kando ya ziwa. Mama Priscilla akasema, "Sogeeni," nao wakasogea, nusu unyayo, nusu unyayo, wakilalamika, wakisukumana viuno, wakikiruka kile cheusi bila kukigusa, mpaka karibu na pampu pakafunguka nafasi. Kisha kule mwisho wa mstari ukasikika ukelele wa Mzee Jeremiah.

"Umenikanyagia sukuma wiki!"

Kweli. Mwanamke wa mwisho alikuwa amesukumwa mpaka kwenye manjano.

"Jeremiah," Mama Priscilla alisema kwa upole, "kabla ya sukuma wiki palikuwa na nini?"

Mzee alitazama manjano yake. Picha za kila msimu zilikuwa zimechapwa ndogo ndogo pale chini, na mwanzoni kabisa pale pake palikuwa kijani. Akavuta suruali juu kidogo, kama mtu anayeingia majini, naye akasogea. "Mniache nivune kwanza," alisema.

Emmaculate alipita na kalamu nene nyeupe, akichora kando ya miguu yao. Alipofika penye pampu alimwambia Bochaberi asimame. Akachora pande zote mbili za nyayo zake, kisha akamwonyesha.

Jioni ile walishuka wote kinamasini kuona mipaka kwa macho. Kipande kipya cha Bochaberi kilikuwa kimekatwa karibuni, mabua yake hayajapita kiuno cha Sheila, atangoja. Lakini pembeni, kile cha zamani kilisimama ukuta mzima wa kijani, vichwa vyake vinapepea juu kuliko paa la kanisa, na ndani yake mlikuwa na ndege wasiohesabika, na maji yanayonyonya mizizi taratibu kama mtoto. Akumu mwenyewe alipopita hapo alishusha sauti, kisha akaikata.

Mgongoni, Sheila alinyoosha mkono kuelekea kijani kile, akafungua mdomo ili aite. Bochaberi akageuza shingo, akamwekea kidole midomoni. "Na hiki nacho kina watoto," alinong'ona.