Bi Mwanamkasi na Ukuta Usio na Msuguano

Mwanamkasi binti Mselem hakukusudia kusoma. Aliyeandikishwa ni mpwa wake, Khadija, katika kituo cha masomo ya jioni pale Ngamiani, ambako waliofeli kidato cha nne hujiandaa kufeli tena kwa utaratibu mzuri zaidi. Khadija alihudhuria wiki moja, akapata mchumba wa Muheza, akaaga. Ada ilikuwa imeshalipwa, na mwenye kituo, Bwana Badru, hakuwa mtu wa kurudisha kitu. Basi Mwanamkasi, mtu mzima aliyevuka hamsini, akajitanda mtandio wake akaenda kulikalia dawati lile yeye mwenyewe.

Mtaani alijulikana kwa kazi nyingine. Alikuwa kungwi. Mabibi harusi wengi walipita mikononi mwake, na aliyowafunda hayasemeki mbele za watu, ingawa yeye aliyasema. Mtu aliyezoea kueleza mambo yale bila kupepesa macho haoni haya mbele ya fizikia.

Mwalimu wa fizikia na hesabu aliitwa Hosea, kijana wa Lushoto aliyemaliza chuo akawa anangoja ajira ya serikali kama watu wanavyongoja kiama. Kila jioni aliingia darasani, akamwamkia mwanafunzi wake shikamoo, mwanafunzi akaitika marahaba, ndipo somo likaanza.

Kitabu kilikuwa cha Kiingereza na Hosea alikitafsiri papo hapo kwa mdomo. Jioni ya kwanza alisoma swali la kitu cha kilo mbili kilichorushwa juu, ila kwa haraka zake akakiita "mwili." Mwanamkasi akanyoosha mkono.

"Mwili wa nani, Mwalimu?"

"Wowote tu, mama."

"Kilo mbili ni kichanga hicho. Wanakirusha badala ya kukizika?"

Vijana wakaangukia madawati kwa kicheko. Hosea alipowatuliza, akasema upinzani wa hewa upuuzwe. Mwanamkasi akauliza kama aliyetunga swali amewahi kukaa Tanga siku upepo unapobeba mabati ya watu. Kwenye hesabu mambo yalikuwa yale yale. Baba ana umri mara nne ya ule wa mwanawe, na jumla yao ni miaka hamsini, mtoto ana miaka mingapi? Yeye akashauri aulizwe mama yake mtoto. Hosea akajibu kuwa mama hayumo kwenye swali.

"Ndivyo mlivyo," akasema Mwanamkasi, akainamia daftari.

Hakuwa akifanya mzaha, au tuseme haukuwa mzaha mtupu. Alitaka kuelewa kweli, na jambo likimwingia alinyamaza kabisa, uso ukalainika kama wa mtu aliyekunwa mgongo. Bwana Badru, aliyesikia vicheko ofisini kwake, alimwonya Hosea mara mbili kwamba kituo si ukumbi wa ngoma.

Ndipo likaja swali la ngazi. Ngazi imeegemezwa kwenye ukuta laini usio na msuguano, lakini sakafu inakwaruza. Kwa hiyo sakafu ndiyo inayoishika isiteleze. Mwanamkasi akataka kujua ukuta wa namna hiyo uko mtaa gani. Hosea alikuwa amechoka. Akasema Jumamosi waje wote, watauona.

Ukuta wenyewe ulikuwa wa choo. Bwana Badru alikuwa amejenga choo kipya akakivika vigae hadi nje, fahari yake kuu. Mwanamkasi akavipaka sabuni ya maji kwa ukarimu, kama anayemsinga bibi harusi. Hosea akapiga hesabu, akaegemeza ngazi, akapanda. Alipofika katikati akageuka kulieleza darasa.

"Mnaona? Sakafu ndiyo ina—"

Ngazi ikaondoka. Mwalimu alishuka akiwa ameukumbatia ukuta, shati likifuta sabuni njia nzima, akafikia mguu mmoja. Kifundo kikavimba pale pale. Bwana Badru akaja mbio, akauliza habari za vigae kabla ya kuuliza habari za mguu, kisha akamfukuza Mwanamkasi.

Usiku ule kungwi alipika na hakula. Kesho yake, baada ya alasiri, alikwenda Chumbageni alikopanga Hosea, na supu ya pweza kwenye hotipoti. Alimkuta mguu uko juu ya mto, karatasi zimetapakaa kitandani. Alikaa kitini, akammiminia supu kwenye bakuli.

"Mwalimu, nimeifikiria ile sakafu," akasema.

"Imefanyaje?"

"Sabuni ilikuwa nyingi. Ilitiririka ikafika chini. Kitabu kilitaka ukuta tu uteleze, mimi nikatelezesha na sakafu."

Hosea akaweka bakuli chini. Kutwa nzima alikuwa akirudia hesabu zake akitafuta alipokosea.

"Kwa hiyo hesabu zilikuwa sawa?"

"Zilikuwa sawa, mwanangu. Uliangushwa na mimi."

Hosea akacheka hadi mguu ukamuuma. Naye Mwanamkasi, aliyekuja tayari kuomba radhi, akacheka mpaka akajifuta machozi kwa mtandio.

Kwa kuwa Hosea hakuweza kutembea, darasa likahamia barazani kwake, Mwanamkasi akiwa mbele. Bwana Badru alibaki na madawati na choo. Hakuvumilia, alikuja mwenyewe kuwaomba warudi, na kungwi alimwacha aombe kwa kirefu kabla ya kuitikia.

Matokeo ya mtihani yalipotoka, yalimpa D ya fizikia na F ya hesabu. Ile D aliipikia pilau, akawalisha majirani wasiojua wanasherehekea nini. Kuhusu F, alisema yeye na hesabu hawajazoeana. Hosea wakati huo alikuwa ameshapata ajira, amepangiwa shule ya Mkwaja.

Mwanamkasi akajiandikisha tena. Mwalimu mpya, Imakulata, mama wa rika lake, alianza na duara. Mwanamkasi akauliza nani wa kwanza kuipima, na alikuwa akitafuta nini. Imakulata akasema hajui, akavuta kiti karibu, wakaanza kukisia.