Tangi Nililolisugua kwa Majivu

Nakumbuka tukiwa darasa la sita pale Rhotia, mwaka ule wa njaa, wa ugali wa yanga, yale mahindi ya njano ya msaada, Mwalimu Tluway wa sayansi alipoleta darasani tangi la kioo alilopewa na mapadre. Alilijaza maji na kokoto, kisha akatutangazia kwamba samaki wataingia baada ya wiki sita. Tukatazamana. Tangi la samaki, samaki hakuna! Kilichotumaliza kabisa ni pale alipotoa donge la ugali, akalimega, akalidondosha ndani ya maji matupu.

"Samaki hujisaidia humo humo anamoishi," alisema. "Lazima kwanza wazaliane vijidudu wa kuumaliza uchafu wake. Hao ndio ninaowalisha."

Vijidudu tena! Sisi tuliwajua kwa jambo moja tu, kuwachemsha wafe. Redio ilisema hivyo, bwana afya alisema hivyo. Nilipomsimulia mama, aliacha kupepeta maharage akanikodolea macho. "Anayalisha maji? Mwaka huu? Huyo mwalimu wenu aoe tu."

Basi maji yakaingia ukungu, yakanuka, kokoto zikaota utelezi wa kahawia. Mimi nilikuwa kiranja wa usafi, na enzi zetu cheo hicho hakikuwa mchezo: kucha ndefu, fimbo, kola chafu, fimbo. Vijana wa leo ukiwaambia wafagie chumba wanacholala wenyewe wanakuuliza kwa nini. Mwalimu alipoondoka Ijumaa ya wiki ya sita kwenda ziwani Mang'ola kufuata samaki, perege, niliona aibu wageni wafikie kwenye uchafu ule. Jumamosi nikamwaga maji yote, nikasugua kioo na kokoto kwa majivu, nikasuuza mara tatu, nikajaza maji niliyoyachemsha nyumbani na kuyapoza, sufuria baada ya sufuria, hadi kuni za mama zikaisha.

Jumatatu Mwalimu aliingia na ndoo, vumbi limempanda mpaka magotini. Ule mlima wa kutoka Mang'ola alikuwa ameupanda akisukuma baiskeli. Alipoona maji yanavyong'aa akapiga makofi. "Yamekomaa!" Nikatabasamu, nikanyamaza, nikijiwekea sifa yangu ya baadaye. Perege watano wakaanza kuogelea, na wengi wetu, watoto wa mahindi na maharage, hatukuwahi kumwona samaki aliye hai.

Jumatano walikuwa juu ya maji wakihema, midomo wazi. Alhamisi wote watano walielea tumbo juu. Mimi nilielewa pale pale: vijidudu wake nilikuwa nimewamwaga. Nikangoja fimbo. Hakuishika. Alikaa kwenye dawati la mbele, miongoni mwetu, akasema, "Kosa ni langu. Sikungoja vya kutosha."

Mwalimu kukiri kosa mbele ya watoto! Hatukuwahi kusikia kitu kama hicho. Mdomo wangu uligoma kufunguka, siku ile na siku zilizofuata, na muhula uliofuata akahamishiwa Malambo.

Leo binti yangu ana tangi sebuleni kwake Arusha. Hawezi kungoja chai ipoe, lakini maji ya samaki ameyangoja mwezi mzima, kwa kuwa simu imemwambia. Kizazi chake hakina siri, hata uji walioamkia wanautangaza. Sisi tulifunzwa kunyamaza mbele ya mkubwa, tukaiita adabu. Mwaka jana kanisani walitangaza kifo cha Mwalimu Tluway. Nilikuwa na miaka arobaini ya kumwambia, na sikumwambia.