Mwana Aliyezikwa Runingani

Kwa miaka kumi na minne jukwaa ndilo lililonilisha. Asubuhi tulikuwa Uriri, alasiri Rangwe, tukiwaigizia wanafunzi wa sekondari tamthilia za mtihani. Nimekuwa mfalme, kasisi, hata mke wa pili wa chifu. Jukwaa lenyewe lilikuwa meza za bwalo zilizosukumwa pamoja, bado zinanuka maharagwe. Nilikuwa hodari. Nasema hivyo bila haya, maana hakuna mwingine wa kunisemea.

Migori hakuna anayekumbuka hayo. Wanakumbuka msimu mmoja wa runinga nilipoigiza mnyonya damu, yule maiti anayefufuka na kuwauma watu shingoni. Nilivalishwa meno ya plastiki yaliyonichubua ufizi. Sokoni Homa Bay, mama mmoja muuza omena alinikodolea macho.

"Si wewe ndio ule jajuok wa TV?"

Yaani mchawi. Nikacheka. Yeye hakucheka, alimvuta mtoto wake nyuma ya meza.

Sikujali sana, kwa kuwa aliyenihangaisha ni baba. Mimi ni kifungua mimba. Kwetu mwana wa kiume huishi kwanza kwenye simba, nyumba yake ndogo karibu na lango la babake. Siku ya kuhamia boma lake mwenyewe, sharti baba amtangulie njiani, yeye afuate na jogoo na shoka, mkewe abebe moto. Mkubwa hutoka kwanza; mdogo hamruki. Nilikuwa na miaka arobaini na moja, bado niko simba na mke wangu, maana kila mwaka nilikuwa mbioni na tamthilia. Mdogo wangu alisubiri nyuma yangu na watoto wanne katika chumba kimoja, wala hakuwahi kulalamika. Hatimaye baba aliniambia tutatoka Desemba.

Kwa furaha nikamnunulia runinga ili anione. Mchimba kisima huingia mwenyewe.

Katika kipindi cha mwisho mnyonya damu anakamatwa na kuzikwa. Nililala kwenye jeneza la kweli, kifuniko kikafungwa, udongo ukamwagwa. Mwelekezi alinisifu kwamba sikupepesa jicho, nami nikavimba kichwa. Mama alinieleza baadaye yaliyotokea nyumbani: baba alisimama, akavua kofia, akaishika mkononi mpaka shimo lilipojaa. Ndipo akaizima runinga.

Desemba nilifika na jogoo wangu. Baba hakunipa mkono.

"Baba, ule ulikuwa mchezo tu."

"Na jeneza? Lilikuwa mchezo?"

Lilikuwa jeneza.

"Aliyelala kwenye jeneza hafungui boma," alisema. "Nikikupeleka, nitawapelekea wajukuu wangu kifo."

Nikamkumbusha kwamba yeye ni mzee wa kanisa, Msabato wa miaka mingi. Akanijibu kuwa Biblia haijamkataza kuamini macho yake. Nilikasirika, nikamwita mshamba, neno ambalo hadi leo linanichoma. Mke wangu alirudi kwao wiki hiyo hiyo, akisema hawezi kuzeekea simba.

Ilipofika Februari, asubuhi moja kukiwa kumekucha, nilisikia nyayo nje. Nikafungua mlango. Baba alikuwa ametangulia na mkongojo wake. Nyuma yake alikuja mdogo wangu, jogoo kwapani, shoka mkononi, macho chini. Mkewe alibeba moto kwenye kigae. Langoni, baba mdogo alikuwa amewazibia njia.

"Utamrukaje mkubwa?" alimuuliza baba. "Unaita laana nyumbani."

Nilikuwa nimesimama hatua nne tu kutoka kwao. Baba hakunitazama.

"Sijamruka mtu," alisema. "Mkubwa wangu nilimzika."

Baba mdogo alinitazama. Kisha akasogea kando, wakapita.