Mkamua Nta wa Cheyo

Pale Cheyo, mama mkamua nta hanunui nta kabla ya kuibonyeza kwa dole gumba na kuguna. Dole hilo hilo ndilo alilolichovya kwenye wino siku mumewe alipokopa fedha za biashara, wakaandikwa wadaiwa wawili. Mume akampa talaka, akaoa mwingine, kisha mahakama ikamtangaza muflisi. Muflisi hadaiwi, mdai akahamia kwa mtalaka. "Yeye anakunywa kahawa barazani, mie ndiye nalipa!" husema, akilisokota gunia la nta ya moto kuikamua mpaka mishipa imsimame. Kazi hiyo hutaka watu wawili. Tangu talaka, ncha ya pili ya gunia huifunga kwenye nguzo.

Juzi akaja mke mpya, macho mekundu. "Shikamoo, dada. Mkopo wake wa pili, kabla hajafilisika, niliutilia dole mimi. Leo wamekuja kunidai." Mama akaushika mkono wake, akalibonyeza lile dole, akaguna. "Laini. Na hukuuliza?" "Alisema ni desturi tu." "Hata mimi aliniambia hivyo hivyo, baradhuli yule!" Akaifungua ncha ya gunia pale nguzoni, akamkabidhi. "Shika, usokote. Hasira ya kutosha unayo."